Ukuta Uligongwa Mara Tatu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, ni zamani ya juzijuzi tu, kabla lami haijafika kule milimani kunakolimwa chai na viazi, palikuwa na hospitali moja yenye gari moja la wagonjwa. Gari lenyewe lilikuwa limechoka. Kati ya dereva na mgonjwa kulikuwa na ukuta wa bati, na ukutani kulikuwa na kidirisha cha kuongelea. Kidirisha kikashika kutu, kikagoma kufunguka. Ofisi ya magari iliandikiwa barua, nayo ikajibu kwamba barua imepokelewa. Basi, ikawa imepokelewa.

Dereva, Mzee Mwandemele, akaona akingoja ofisi atastaafu anangoja. Akatunga sheria yake mwenyewe. Ukiugonga ukuta mara moja, nasimama. Ukiugonga mara mbili, naenda. Ukiugonga mara tatu, nakimbia, na hapo kila mtu ashike anachoweza kushika. Moja simama, mbili nenda, tatu kimbia. Nesi mgeni alifundishwa sheria hiyo kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Na ilikuwa na kifungu kidogo: tatu ni ya nesi kamili. Mwanafunzi haruhusiwi kugonga tatu hata akiona nini, kwa sababu barabara ile ilikuwa na kona za kutisha, na gari lilishawahi kulala shambani kwa watu.

Kulikuwa na kitabu pia, chenye jalada gumu, kinakaa ofisini kwa Metroni Tusekile, mkuu wa manesi. Kila safari ilipewa mstari mmoja: tarehe, jina la mgonjwa, na mwisho kabisa, nesi wa gari. Jina moja tu. Metroni hakutaka kusikia habari ya majina mawili. Alisema mgonjwa akipatwa na jambo njiani, lazima awepo mtu mmoja wa kuulizwa, maana wakiwa wawili kila mmoja atamtazama mwenzake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo shughuli inapoanzia. Walikuja wanafunzi watatu wa uuguzi kufanya mazoezi pale kwa wiki sita. Chuo chao kilitaka kila mwanafunzi, kabla ya kumaliza mwaka, jina lake liwe limeandikwa walau mara moja kwenye kitabu kile kama nesi wa gari. Asiye na jina anarudia mwaka. Wiki sita ni nyingi, mtasema. Ndiyo, lakini mvua ilifunga barabara wiki nne nzima, na safari chache zilizobaki zilichukuliwa na manesi wenyewe. Siku ya mwisho ikafika na wote watatu hawana hata mstari mmoja.

Wa kwanza aliitwa Atuganile. Huyo alikuwa na macho ya kupima kila kitu. Akikusalimia anahesabu pumzi zako. Kwake yeye nesi wa gari ni presha, mapigo ya moyo na dripu, kwa sababu gari halina daktari, na namba ndizo zitakazokwambia ukweli mgonjwa anapokuficha.

Wa pili aliitwa Gwamaka, kijana mrefu wa maneno machache. Wenzake walipobishana, wakati wa kula maharage, kuhusu kazi ya nesi wa gari, yeye aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha akasema kazi ni kumfikisha mgonjwa, hayo mengine ni mapambo.

Wa tatu ndiye Subilaga, na huyu ninamjua ndani na nje, kwa hiyo nitakuwa upande wake kidogo, mnisamehe. Subilaga aliamini kwamba wodini mgonjwa ana watu ishirini, lakini ndani ya gari ana wewe tu. Ukimnyima mkono wako amenyimwa na dunia nzima. Kwa imani hiyo alikuwa mzito wa kuandika namba na mwepesi wa kusikiliza, na walimu walimkata alama. Mwaka uliopita alishindwa, akarudia. Mfukoni mwa sare yake alikuwa na barua ya chuo iliyokunjwa mara nne: hakuna kurudia mara ya pili. Akikosa jina anarudi nyumbani moja kwa moja, na uuguzi ndiyo kwaheri. Hakumwambia mtu. Mama yake kule kijijini alishaanza kuitwa Mama Nesi, naye alikuwa akiitika.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho, akaletwa fundi Ambokile. Alikuwa juu ya paa la ghala la shule akipigilia mabati, alipoanza kushuka ngazi ikateleza, akaangukia rundo la mbao kwa ubavu wa kushoto. Daktari akamgusa tumbo, akasema bandama imepasuka, damu inavujia ndani, hapa hatuna mpasuaji, huyu aende hospitali ya rufaa mjini sasa hivi. Nesi aliyekuwa zamu ya gari alikuwa mikono yote miwili kwenye uzazi wa mapacha. Metroni akatazama huku, akatazama huku, akawaona wanafunzi wake.

Akawaambia wapande wote watatu, wamhudumie mgonjwa kama nesi mmoja. Mstari ni mmoja vilevile, wataongea habari ya jina wakirudi.

Wakapanda. Mke wa fundi, Mama Ikupa, akakaa mbele na dereva, maana nyuma hakukuwa na nafasi hata ya kuku. Kumbe kulabu ya kuning'inizia dripu imevunjika. Gwamaka akaishika chupa kwa mkono wa kulia, juu, na kwa mkono wa kushoto akaukandamiza mkono wa fundi ili sindano isichomoke. Alikaa hivyo ameuegemea ukuta wa dereva. Atuganile akashika mashine ya presha. Subilaga akapiga magoti karibu na kichwa, akaushika mkono wa fundi uliobaki. Atuganile akagonga mara mbili. Gari likaondoka mwendo wa kubeba mayai, jinsi Mzee Mwandemele alivyoendesha siku zote akiwa na mgonjwa wa tumbo.

Nusu saa ya kwanza haikuwa na neno. Subilaga alimwongelesha fundi, naye akajibu. Alimweleza habari za paa, kwamba mabati yale ni membamba na mwalimu mkuu amedanganywa. Presha ilikuwa tisini. Baadaye ikawa themanini. Fundi akaanza kusikia baridi. Midomo ikapauka, maneno yakawa machache, kila neno linakuja likiwa limechoka.

Kisha akamvuta Subilaga karibu.

"Sista," akasema, "simamisheni gari. Nina neno kwa mke wangu. Nikifika huko sitaweza kulisema."

Jamani, mngefanya nini? Mtu yuko hatua tano kutoka kwa mkewe, katikati kuna bati tu na kidirisha chenye kutu. Subilaga alitazama macho yale akaona hayabahatishi. Dakika moja tu, alijiambia. Mlango wa nyuma ufunguliwe, mama aje, asikie, waondoke. Akanyoosha mkono juu ya bega la Gwamaka, akaugonga ukuta mara moja.

Sasa, sekunde ileile, Atuganile alikuwa anasoma mashine. Sitini. Akasikia Subilaga akigonga ukuta, akajua maana yake ni kusimama, na hapakuwa na nafasi ya mjadala. Hakutaka gari likimbie, maana kwenye yale mashimo sindano ingechomoka. Alitaka tu lisisimame. Akaruka upande wa pili, akagonga mara mbili.

Moja ya Subilaga. Mbili za Atuganile. Zikafuatana papo kwa papo.

Mnajua Mzee Mwandemele alisikia nini. Alisikia tatu. Kwa miaka kumi na moja ukuta ule haukuwahi kumdanganya. Hakuuliza. Akabadilisha gia, akawasha king'ora, gari likaruka kama limechomwa sindano.

Nyuma wakaanguka wote isipokuwa Gwamaka aliyekuwa ameegemea. Atuganile alifikiri Subilaga amegonga tatu kwa kiburi. Subilaga alifikiri dereva amepatwa na wazimu. Hao wawili hawakuweza kuufikia ukuta tena, maana fundi alikuwa anateleza kwenye machela. Subilaga akamlalia kiunoni, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Atuganile akakaza miguu kwenye mlango, akaizuia machela kwa mgongo. Kona ya kwanza wakapita. Kona ya pili matairi yakalia, chai yote ya bondeni ikapita dirishani imelala upande. Fundi akafumba macho. Subilaga akawa anamwita jina lake sikioni, Ambokile, Ambokile, mpaka sauti ikakauka. Alimwomba asimfie kabla hajasema neno lake. Alilia pia, na hakuona aibu.

Wakafika mjini robo saa kabla ya muda wa kawaida. Fundi akavutwa ndani mbiombio. Baada ya saa mbili na nusu mpasuaji akatoka akiwa na kofia bado kichwani. Alisema mgonjwa ni mzima, na kwamba wangechelewa dakika kumi zaidi angeandika habari nyingine. Akawapa mkono. Akasema nesi aliyeamua gari likimbie aliamua vizuri.

Mama Ikupa aliwakusanya wote watatu, akawashika mikono.

"Nilikuwa mbele," akasema. "Nilisikia ukuta ukigongwa mara tatu. Nani kati yenu aligonga, wanangu? Nataka nimwombee kwa jina."

Mzee Mwandemele akadakia kwamba ni kweli, tatu, tena za haraka. Atuganile akamtazama Subilaga. Subilaga akamtazama Atuganile. Hapo ndipo wakajua. Moja na mbili. Hakuna aliyegonga tatu, na tatu ziligongwa.

Mzee Mwandemele alipoelezwa akavua kofia, akajikuna. Alisema yeye ukuta haumwambii ni mikono mingapi.

Kurudi nyumbani kulikuwa kuzito. Mwanzo walicheka, maana mtu aliyeokoka anachekeshwa na kila kitu. Kisha mmoja wao akataja kitabu, kicheko kikaisha. Walipofika, Metroni alikuwa mezani, kitabu kiko wazi, tarehe imeandikwa, jina la fundi limeandikwa, na mwisho wa mstari pako patupu. Akawaambia waseme, mmoja mmoja, na asikatizwe mtu.

Atuganile akaanza.

"Metroni, presha ilikuwa sitini. Mimi ndiye niliyeiona. Mimi ndiye niliyekataa gari kusimama. Bila mbili zangu, dereva angesikia moja, na fundi angefia kando ya barabara akimweleza mkewe habari. Nesi wa gari ni yule anayejua hali ya mgonjwa na kukataa kuyumbishwa. Ni mimi."

Subilaga alisikia maneno yale yakimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alikuwa ameyafikiria njia nzima. Dakika moja aliyoitaka ingekuwa ngapi? Mke angeshuka, angelia, angemshika mumewe, nani angemng'oa pale? Lakini zamu yake ilifika, naye hakuwa tayari kujitupa.

"Mimi niligonga kwa sababu mgonjwa aliniomba," akasema. "Alijua anakufa, na ndani ya gari lile hakuwa na mtu mwingine wa kumwomba. Kama angefariki na neno lake moyoni, leo tungekuwa tunaongea lugha nyingine hapa. Na bila moja yangu, Metroni, mbili za Atuganile zingekuwa mbili tu. Tungeendelea na mwendo uleule, presha sitini, tukafika na maiti. Mimi ndiye niliyemsikiliza, na kusikiliza kwangu kumemfikisha."

Gwamaka alikuwa bado anausugua mkono wake wa kulia. Kidole kimoja kilikuwa hakijarudisha hisia.

"Hawa wawili waligonga wasichokikusudia," akasema. "Mimi nilihesabu. Nilisikia moja, nikasikia mbili, nikajua mzee amesikia tatu. Mgongo wangu ulikuwa kwenye bati. Ningepiga kisigino mara moja, gari lingesimama. Nilimtazama fundi, nikaona hana muda, nikaacha. Watatu tulikuwemo, lakini aliyejua kwamba tunakimbia, na akakubali tukimbie, ni mmoja."

Atuganile akasahau kwamba hakuna kukatizana. Aliuliza tangu lini mtu anadai sifa kwa kunyamaza, na kama kweli aliamua, mbona hakuwaambia wenzake washike machela. Gwamaka alijibu polepole kwamba hata yeye alijiuliza hivyo, na kwamba kunyamaza kule kulimtoa jasho kuliko kushika chupa. Aliogopa kwamba akisema, mmoja wao angegonga tena.

Metroni Tusekile aliwasikiliza wote bila kukunja uso. Hakuwa mkali siku hiyo. Aliwaambia kwamba kwa miaka ishirini na mbili ya kazi hajawahi kuwa na wanafunzi watatu wanaosema kweli siku moja, na kwamba angekuwa na uwezo angewaandika wote. Kisha akakigeuza kitabu, akakisukuma mpaka upande wao wa meza, akaweka kalamu juu yake.

"Niambieni jambo moja," akasema. "Gari lile lingepinduka kwenye kona ya pili, fundi akafa. Nani kati yenu angeitaka kalamu hii?"

Lo, kalamu ikabaki palepale juu ya kitabu. Kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu safi la kujiosha, na kila mmoja alilijua la mwenzake. Atuganile angesema, mimi niligonga nenda, sikugonga kimbia. Subilaga angesema, mimi nilitaka kusimama kabisa. Gwamaka angesema, mimi sikugonga kitu. Na wote wangekuwa wakweli vilevile kama walivyokuwa dakika mbili zilizopita.

Metroni akainuka, akachukua shuka mbili alizokuja nazo, akasema anaenda kuwaona mapacha. Akirudi akute jina moja. Hatauliza walielewana vipi, na jina atakalolikuta ataligongea mhuri.

Mlango ukafungwa. Atuganile aliitazama kalamu muda mrefu. Kisha akaisukuma kwa Gwamaka, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye presha aliiona, lakini tatu asingethubutu kuzigonga, sheria inakataza na yeye ni mtu wa sheria. Mwaka mwingine si kifo, ataurudia. Gwamaka naye hakuigusa. Alisema kwenye ile kona ya pili alitamani apige kisigino na mguu ukakataa, kwa hiyo hajui tena kama aliamua au aliogopa. Akaisukuma kwa Subilaga. Alisema wewe ndiye uliyemkumbatia asianguke, andika unayeona anafaa, sisi hatutabisha.

Subilaga akaishika. Barua ilikuwa mfukoni, anaisikia pajani kila anapopumua. Wenzake hawakuijua. Akiwaambia watamhurumia, na jina litakuwa lake, lakini litakuwa la huruma, na hawa wawili waliomfikisha fundi watarudia mwaka kwa ajili ya barua wasiyohusika nayo. Asipowaambia, akaandika jina lake, watadhani amejipima akaona anafaa kuliko wao, na yeye hajui kama anafaa. Akiandika la Atuganile, au la Gwamaka, amemwandika aliyekwisha kukataa kwa mdomo wake mwenyewe, na kesho mama yake kijijini ataitwa Mama Nesi na hatajua kwamba ameitika jina lisilo lake. Alifikiri juu ya Ambokile aliyelala mjini akiwa na bandeji, na mkewe pembeni, na lile neno ambalo huenda sasa limeshasemwa. Aligundua kwamba hata hajui lilikuwa neno gani. Akafurahi, huku roho inamuuma.

Viatu vya Metroni vikaanza kusikika kwenye korido. Subilaga akaiweka ncha ya kalamu mwisho wa mstari.

Haya, mimi nimefika nilipofika, na sisemi zaidi hata mkinibembeleza. Yupo aliyeona damu inaisha, akakataa gari kusimama. Yupo aliyesikia ombi la mtu anayekufa. Yupo aliyehesabu, akanyamaza. Mkiondoa mmoja wao, fundi hayupo. Na kalamu iko mikononi mwa yule mwenye kupoteza zaidi ya wote, naye peke yake ndiye anayelijua hilo. Msinijibu haraka, na msinijibu kwa kumwonea huruma kwa sababu mimi nimewasimulia nikiwa upande wake.

Je, nyinyi, aandike jina la nani?